Zamu Aliyefunga Bustani

Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akimwambia mtu, "Pita tu." Maneno mengine ya ukarimu alikuwa nayo. Alijua kusema karibu, alijua kusema pole, na ukimletea shida yako alisikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza. Lakini hayo maneno mawili hayakumtoka kinywani, hata kwenye mlango wa nyumba yake. Ukipiga hodi alikuja mwenyewe, akakuangalia usoni kama anayehakikisha, ndipo akasema, "Ni wewe. Ingia."

Huku Burundi mlinzi tunamwita zamu. Yeye alikuwa zamu wa bustani ya umma iliyo chini ya mtaa wetu, mjini Gitega, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Zamu, kana kwamba mji hauna mwingine. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita mzee. Alizaliwa kilima gani na baba yake alikuwa nani, hayo wanayajua watu wa ukoo wake. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani, na baraza langu linatazama lango la ile bustani. Kila nilipoinua macho kukata uzi nilimwona.

Tulielewana haraka kwa sababu ya lugha. Wote wawili tulitoka kambini, Tanzania. Mimi nilikulia huko, yeye na mkewe waliumalizia ujana wao huko, na tuliporudi nchini tulirudi na Kiswahili cha kule. Wanawake wa mtaani walitucheka. Hajati, mama Mwislamu anayeuza vitenge jirani na baraza langu, alikuwa akisema, "Nyinyi wawili mukiongea, mi naona kama kuna redio imewashwa." Zamu hakukasirika. Alimjibu kwa upole, "Basi sikiliza habari, Hajati," na kuendelea kufagia.

Alifagia sana. Mikaratusi na jakaranda za pale zinapukutisha majani mwaka mzima, na msimu wa maua ardhi yote inageuka zambarau. Watu walisimama kutazama. Yeye alinung'unika. "Maua ni kazi," alisema, "mtu anayapenda kwa sababu hayafagii." Lakini Jumamosi, maharusi walipokuja kupiga picha, nilimwona akiinama nyuma ya bibi harusi asiyemfahamu, akiinua pindo la gauni lisinase kwenye ua la michongoma, akilishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba yai. Mpiga picha alimfukuza mara nyingi asionekane kwenye picha. Nina hakika kuna nyumba nyingi Gitega zenye picha ya harusi ukutani, na pembeni kabisa pana kiwiko cha kabuti la Zamu.

Lile kabuti alilivaa jua liwake mvua inyeshe. Alikula amesimama. Na hakuweza kukaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kanisani alisimama karibu na mlango, misa nzima. Kwake kulikuwa na mlango wa mbao mzuri tu, lakini ulikuwa wazi mchana kutwa na pazia likipepea. Siku moja nilipeleka suruali niliyoirekebisha. Upepo ukaupiga mlango ukajifunga nyuma yangu. Alinyanyuka ghafla, akapita mbele yangu bila hata kuniomba radhi, akaufungua, akaweka jiwe. Kisha akarudi kukaa na kuuliza bei. Mkewe aliniangalia, akatabasamu.

"Ndivyo alivyo," alisema. "Usiku ndio tunafunga, tena hapo lazima nimwimbie."

Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno, mcheshi kuliko yeye mara kumi. Nyumba waliyopanga ilikuwa nyuma kabisa ya bustani, dirisha la chumbani likiangalia njia zake za changarawe. Zamani, kabla bustani haijazungushiwa uzio, alitoka na bakuli la maharage akaenda kuyachambua kwenye benchi la saruji, chini ya mkaratusi, na Zamu alimpita akifagia kama hawajuani. Alikuwa akimtania, "Bwana zamu, naruhusiwa kukaa hapa?" Naye alijibu kwa uso mkavu, "Inategemea unapika saa ngapi."

Nizungumze kidogo juu ya bustani yenyewe, maana watu wa Gitega hatukuwahi kukubaliana juu yake. Haikuwa nzuri. Mabenchi mengi yalikuwa yamevunjika, na mbuzi waliingia kutoka vichochoroni. Jioni walikuja walevi na chupa zao, wakakojoa kwenye miti, na harufu ikanifikia mimi cherehanini. Lakini asubuhi walikuwepo wanafunzi wanaotembea na madaftari wakisoma kwa sauti, kila mmoja na njia yake, kwa sababu nyumbani kwao hapana pa kusomea. Walikuwepo wanawake waliotoka kuzika, wakakaa kwanza kabla ya kurudi kwenye nyumba yenye wageni. Hajati alikwenda baada ya sala ya alasiri, akavua viatu, akakaa kwenye nyasi. Nilimuuliza siku moja anafanya nini kule. Alisema, "Hakuna. Nyumbani iko watoto, iko wakwe, kila mutu ananiita. Pale hakuna anayeniita."

Ni huyo huyo Hajati aliyelalamika zaidi juu ya walevi. Sote tulilalamika. Katika mikutano ya mtaa tulisema bustani izungushiwe uzio, iwekewe taa, ipandwe nyasi mpya, iwe kama za miji mingine. Tulisema hivyo mwaka baada ya mwaka, bila kutegemea kwamba kuna anayesikia.

Siku moja wakaja mafundi. Kazi ilikuwa imepewa tajiri mmoja, mtu wa mbali, ambaye wafanyakazi wake walimwita patron. Walichimba mtaro wa maji kuzunguka bustani yote, wakausakafia kwa saruji, kisha wakasimamisha vyuma vyenye ncha, virefu kuliko mtu. Walikwangua nyasi za zamani, wakapanda mpya, vishada vidogo vidogo kwa mistari. Wakatundika lango la chuma. Na kwa kuwa Zamu alikuwepo kabla yao na anajua kila mti, patron alimwajiri upya, akamkabidhi ufunguo. Amri ilikuwa moja: asiingie mtu yeyote mpaka siku ya uzinduzi, wakubwa watakapokuja kukata utepe. Nyasi ziachwe zishike.

Tulidhani ni wiki chache.

Uzinduzi ulitangazwa, ukaahirishwa. Ukatangazwa tena. Mara mkubwa fulani amesafiri, mara mafuta ya magari hakuna. Nyasi zilishika, zikaota, zikarefuka, na lango likabaki limefungwa. Wanafunzi walihamia barabarani, wakasoma huku wakikwepa pikipiki. Hajati alikuja na viatu vyake, akasimama kwenye uzio, akarudi. Mimi mwenyewe nilijikuta ninashona huku nimegeuza kiti, nisitazame kule. Unajua mtu aliyepikiwa chakula kikawekwa juu ya kabati? Ndivyo tulivyokuwa, mtaa mzima, tukiona njia zile safi kupitia vyumani na hatuwezi kuzikanyaga.

Hasira yote ilimwangukia yeye. Patron hatukumwona, wakubwa hatukuwaona. Tuliyemwona ni Zamu, amesimama ndani, peke yake, na ufunguo umening'inia shingoni chini ya shati. Watoto walimwita mfungwa. Mwanafunzi mmoja wa chuo, kijana mrefu mwenye miwani, alimwambia mbele ya watu, "Papa, iko bustani ya public, si shamba lako. Fungua tuingie."

"Najua si shamba langu," alisema Zamu. "Lingekuwa langu ungekuwa umeshaingia."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu nimeambiwa."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mtu. Nimeambiwa. Nilikuwa nikilichukia.

Msimu ule ule mkewe akapata kiharusi. Alikuwa anapepeta mchele, ungo ukamtoka mkononi, akaanguka upande. Waliomwona kwenye kituo cha afya walisema amebahatika: maneno yalimrudia baada ya siku chache, mkono ukarudi nusu. Mguu wa kulia ndio ulibaki mzito. Muuguzi alimwambia Zamu, nami nikiwepo kwa sababu nilikuwa nimewasindikiza, "Huyu mama asilale. Atembee kila siku, mahali tambarare, polepole, mguu ukumbuke kazi yake. Musipomutembeza sasa, utakauka hivyo."

Mahali tambarare. Anayeijua Gitega ataelewa. Mtaa wetu umening'inia mlimani. Ukitoka kwake kwenda juu ni ngazi za mawe zilizokatwa na mvua. Ukienda chini ni barabara ya mawe na pikipiki zinazoshuka zimezimwa injini kuokoa mafuta, huzisikii mpaka zimekufikia. Sehemu pekee iliyonyooka, yenye njia laini na mabenchi ya kupumzikia, ilikuwa chini ya dirisha lake, ndani ya uzio. Kutoka mlangoni kwao mpaka langoni hata mtu anayeburuta mguu angefika.

Zamu alimwomba patron ruhusa. Namjua, najua ilimgharimu nini kuomba. Alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kumngoja nje ya ofisi, hakuingia, akamngoja nje mpaka alipotoka. Alijibiwa asubiri uzinduzi. Akaenda tena. Akaambiwa kama kazi imemshinda aseme, wapo wengi wanaoitaka. Na alikuwa mzee, asingepata nyingine.

Basi akamtembeza ndani ya nyumba. Kutoka kitandani mpaka kwenye jiko, kutoka jikoni mpaka mlangoni. Nilipokwenda kumjulia hali mkewe aliniambia, "Nimelizunguka jiko hili mpaka limenizoea. Nikichelewa litaniuliza nilikuwa wapi." Alicheka, kisha akaangalia dirishani. Nje, mumewe alikuwa akifagia njia ambayo hakuna aliyeichafua.

Nilikwenda langoni siku hiyo hiyo. Nilikuwa na hasira, hata nilisahau kumsalimia.

"Zamu, yule ni mkeo."

"Najua ni mke wangu."

"Mfungulie asubuhi kabla watu hawajaamka. Nani ataona?"

Aliweka ufagio chini. Tulikuwa tumetenganishwa na vyuma, mimi nje, yeye ndani. Ndipo aliponisimulia habari ambayo hakuwahi kunisimulia.

Kambini kwao hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na alama barabarani, na mkimbizi haruhusiwi kuivuka bila kibali. Kuni zilikuwa ng'ambo ya alama. Mlinzi wa pale alikuwa kijana aliyefahamiana naye, walikuwa wakigawana tumbaku. Siku moja Zamu alifika na kamba yake ya kuni, yule kijana akatabasamu, akamwambia, "Pita tu, ndugu. Mimi sijaona." Akapita. Alipokuwa anarudi na mzigo kichwani, alimkuta mkubwa wa yule kijana amesimama pale. Akaulizwa ni nani aliyemruhusu. Akamwonyesha. Na yule kijana akamtazama machoni, akasema hamjui.

"Walinifungia kwenye chumba cha mabati," alisema Zamu. "Hakikuwa na dirisha. Mke wangu alikuwa na mimba. Alikuja kila siku akasimama nje ya mabati akaimba, nijue yupo. Mtoto yule hakuishi. Mama yake alikuwa akisimama juani mno."

Nilishika chuma cha uzio.

"Yule kijana hakuwa mbaya," aliendelea. "Alinipenda. Ndiyo maana aliniambia pita. Mimi mtu akiniambia pita, sasa hivi ninaogopa. Na siwezi kumwambia mtu mwingine neno hilo. Nikimwambia mke wangu apite, patron akatokea, nitasema nini? Nitasema simjui?"

"Utasema ni mkeo na ni mgonjwa."

"Nitasema hivyo leo, nifukuzwe. Njaa itakapokuja nitasema nini?" Akaokota ufagio. "Niache, fundi. Uzinduzi uko karibu."

Uzinduzi haukuwa karibu.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa alasiri ya kawaida, jua la kiangazi, vumbi. Nilisikia Hajati akiita, "Ee Mungu, angalia mama huyu!" Nikainua macho. Mke wa Zamu alikuwa ametoka peke yake. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kitambaa kichwani, na alikuja akiburuta mguu, mkono ukikamata chuma kimoja cha uzio, kisha kingine. Akafika langoni. Mumewe alikuwa upande wa pili.

"Fungua, mzee."

"Rudi ndani, mama. Utaanguka."

"Nitaanguka wapi? Kitandani sianguki tena, nimekichoka. Fungua nizunguke mara moja tu. Sitagusa nyasi zao."

"Siwezi."

"Ufunguo unao?"

"Ninao."

"Mkono unao?"

Watu walianza kusogea. Hajati alikwenda kumshika mama bega. Yule mwanafunzi mwenye miwani alikuwepo, na wenzake, na wauza ndizi waliotua mabeseni yao. Nilitarajia kelele. Badala yake Hajati alisema kwa sauti ya chini, ya kuomba, "Mutama, baba yetu, mufungulie. Sisi wote tutabaki huku. Hakuna atakayeingia nyuma yake, hata mutoto. Hatutasema kitu."

Mwanafunzi akaongeza, "Kweli, papa. Hatujaona kitu."

Nilimwona akifumba macho. Wao hawakujua walichomwambia. Mimi nilijua, na mkewe alijua, maana alimtazama mumewe kwa namna ambayo hasira ilimtoka usoni, ikabaki huruma peke yake, na nadhani huruma ile ilimuumiza Zamu kuliko matusi yote ya watoto.

"Basi," alisema mama. "Basi, mzee. Nitazunguka kwa nje."

Akamwondoa Hajati mkono wake begani, akageuka, akaanza kuufuata uzio kwa nje, chuma kwa chuma. Upande ule, kati ya uzio na barabara, palikuwa na ukingo mwembamba tu wa udongo, na chini yake ule mtaro uliochimbwa na mafundi. Zamu alimfuata kwa ndani. Alitembea sambamba naye, mkono wake ukipita kwenye vyuma vile vile baada ya mkono wa mkewe, akimwambia, "Taratibu. Weka mguu mzima kwanza. Hapo kuna jiwe." Hivyo ndivyo walivyotembea, mume ndani na mke nje, na sisi tukifuata nyuma kimya. Walifika kona ya kwanza. Nilianza kuamini wataweza.

Kwenye kona udongo ulikuwa umelika. Mguu mbovu ulitelezea ukingoni, mkono ukaachia, na mama akaingia mtaroni kwa ubavu. Hakupiga kelele. Tulisikia tu mfupa na saruji.

Zamu alitaka kupitisha mikono yake vyumani, haikufika. Akakimbia kurudi langoni. Sikuwahi kumwona akikimbia, na kabuti lake lilimpiga miguuni, na vidole vyake vilishindwa kutoa ule ufunguo shingoni mpaka akakata kamba. Akafungua. Akatoka mbio, akashuka mtaroni, akamwinua mkewe kifuani. Mwanafunzi na wenzake wakasaidia. Hakukuwa na gari. Mafuta hayakuwepo mjini wiki nzima. Walimbeba kwenye ubao wa meza ya muuza ndizi mpaka kituo cha afya, Zamu akishika upande wa kichwa.

Lango liliachwa wazi kabisa. Nakumbuka tulibaki pale, mimi na Hajati na watu wengine, mbele ya bustani tuliyoililia miezi yote ile, na hakuna aliyeingia. Hajati alikuwa na viatu vyake mkononi. Sijui alivivua lini. Tukaondoka mmoja mmoja, tukaenda kuulizia mgonjwa.

Mbuzi ndio walioingia. Patron alipopita jioni aliwakuta wamesimama katikati ya nyasi mpya. Asubuhi yake Zamu hakuwa na kazi.

Mama alikuwa ameumia nyonga. Alilala muda mrefu sana, na mguu ukakauka kama muuguzi alivyosema. Zamu alikaa naye ndani. Ndani kabisa, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu mgonjwa alisikia baridi. Nilikwenda na uji, nikamkuta ameketi kitandani pembeni yake, jasho linamtiririka usoni, macho yapo mlangoni, na hainuki. Uzinduzi ulifanyika wakati huo huo. Muziki wa maspika uliingia mpaka chumbani kwao. Tulisikia makofi, tukasikia mtu akishukuru wananchi kwa uvumilivu wao. Mama akasema, "Wametushukuru, mzee. Umesikia?"

Muda si mrefu binti yao aliyeolewa Muyinga alikuja kuwachukua. Zamu aliniaga barazani kwa kunishika mikono yote miwili. Hakuitazama bustani.

Sasa bustani iko wazi. Kuna walinzi vijana wenye sare, kuna taa, na ni safi kweli, siwezi kusema uongo. Jumamosi maharusi wanapanga foleni. Ndugu zangu wakija kutoka kijijini nawapeleka, wanafurahi, wanasema Gitega imekuwa mji mkuu kweli. Yule mwanafunzi anaisifu. Hajati hajaingia hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anakunja kitenge. "Wanafunga saa kumi na mbili," alisema. "Mi siwezi kukaa mahali nikiangalia geti." Akakifungua kile kitenge, akakikunja upya.

Nilimwona Zamu mara moja tu tangu wahame. Nilikuwa nakwenda Giteranyi, kwa wazazi wangu, kupeleka magauni ya harusi ya mpwa wangu. Gari letu liliishia Muyinga mjini kwa kukosa mafuta, dereva akasema tungoje labda mpaka jioni. Nikakumbuka nilivyoelekezwa, nikaulizia. Nyumba ya binti yao iko juu ya barabara ya kwenda kaskazini, ile wanayopita watu wa baiskeli na mikungu ya ndizi. Binti alikuwa shambani. Waliokuwepo ni wao wawili.

Alikuwa amekonda. Kabuti hakuwa nalo. Aliniangalia usoni, akasema, "Ni wewe. Ingia," na mama akapiga ukelele wa furaha kutoka kwenye mkeka. Tulikunywa chai. Mama ndiye aliyeongea. Alinieleza jinsi mzee alivyomtengenezea fimbo mbili, jinsi anavyomwinua kila alasiri amtembeze kutoka mlangoni mpaka mwisho wa ua na kurudi, na jinsi asivyomruhusu kwenda popote. "Na yeye haendi popote," alisema. "Sokoni haendi. Misa haendi. Akienda chooni namwita kwa jina nione kama bado yupo. Tumefungana, mwanangu, kama kuku wa kuuzwa."

Zamu alitazama kikombe chake.

"Muulize kama nimemsamehe," mama aliniambia.

"Mama, mimi..."

"Sijaomba," alisema Zamu. "Nitaomba nini?"

Mama akasema saa ya kutembea imefika. Mzee akamwinua kwapani, akampa fimbo zake, akampitishia mkono kiunoni. Nikatoka nao. Walitembea ua mzima, yeye akihesabia mguu kwa mdomo, mama akimkemea asimkamate kama mwizi. Walipofika mwisho wa ua alimgeuza kumrudisha nyumbani, kama walivyozoea. Mama hakugeuka.

Chini yetu palikuwa na mteremko wa nyasi unaokwenda mpaka barabarani. Watu walikuwa wakipita, wengine wakisukuma baiskeli, wengine wakipiga soga.

"Leo mpaka kule," alisema.

"Kule ni chini. Kushuka tutashuka. Kupanda hutaweza, na mimi siwezi kukubeba."

"Najua."

"Binti atarudi saa ngapi hatujui. Mgeni huyu anaondoka."

"Najua, mzee. Twende."

Zamu alisimama muda mrefu. Mwishowe alishusha mguu wake mteremkoni, akapima udongo, akamvuta mkewe kifuani, wakaanza kushuka, hatua ndogo ndogo, karibu wamekaa. Mimi nilishika fimbo. Tulifika barabarani wote watatu tukihema. Mama alijishusha kwenye nyasi za ukingoni, akanyoosha mguu mbovu mbele yake, akaweka mzima kando. Watu wa baiskeli walimsalimia, "Mwiriwe, mama," naye akawaitikia kila mmoja, kwa sauti kubwa, na wengine akawauliza ndizi wanazipeleka wapi.

Zamu alibaki amesimama nyuma yake, anaitazama nyumba kule juu.

"Tutarudije?" aliuliza.

Mama hakugeuza kichwa. Alipapasa nyasi pembeni yake kwa ule mkono unaofanya kazi.

"Kaa kwanza," alisema.